Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Hamira na Bakteria katika Maji ya Jibini

Katika nyanda kavu za kati za Tanzania maziwa ni mali yenye majira yake. Mkoani Dodoma mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na jumla yake kwa mwaka aghalabu huwa kati ya milimita 500 na 600. Mvua inaponyesha malisho hustawi na maziwa huwa mengi kuliko wanywaji. Kiangazi kinapoingia malisho hukauka na maziwa hupungua. Tangu kale wafugaji wa Kigogo na majirani zao wamelikabili jambo hili kwa njia mbili: kugandisha maziwa yawe mtindi, na kuyasukasuka ili kupata siagi na samli.

Njia ya tatu ni jibini, ambayo hukaa muda mrefu na kusafirishwa kwa urahisi kuliko maziwa. Nchini Tanzania jibini hutengenezwa mahali kadhaa, kwa mfano Njombe na Tanga. Lakini njia hii huzaa swali ambalo mtindi hauna. Mtu anayekunywa mtindi hunywa yote yaliyomo katika kibuyu, ila anayetengeneza jibini huchukua sehemu ndogo tu ya maziwa na kubaki na ndoo nyingi za maji yenye rangi ya kimanjano. Katika makala haya tutayaita maji ya jibini. Je, maji hayo ni takataka? Na kama si takataka, ni nani awezaye kuyageuza yawe kitu cha manufaa? Jibu la wanasayansi ni kwamba wafanyakazi wapo, tena hawalipwi mshahara: ni hamira na bakteria. Lakini wafanyakazi hao hufanya kazi vizuri zaidi wakiwa wawili, na sharti wachaguliwe kwa uangalifu.

Yaliyomo ndani ya ndoo

Tuchukue mfano wa kukisia. Tuseme kikundi cha wafugaji wa Miyuji, kata iliyo kaskazini mwa kitovu cha jiji la Dodoma, kimeamua kutengeneza jibini kwa lita 200 za maziwa kila siku. Kwa kawaida lita 10 za maziwa ya ng'ombe hutoa kilo 1 hivi ya jibini. Basi kikundi chetu kitapata kilo 20 za jibini na kubakiwa na lita 180 hivi za maji ya jibini.

Sehemu kubwa ya maji hayo, kiasi cha asilimia 93, ni maji matupu. Katika kinachosalia, kitu kikuu ni laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambayo ni kati ya asilimia 4.5 na 5. Kuna pia protini, chini kidogo ya asilimia 1, pamoja na chumvi za madini na vitamini za kundi B. Kwa hesabu hiyo, kila siku kikundi chetu kingekuwa kinamwaga zaidi ya kilo 8 za sukari na zaidi ya kilo 1 ya protini safi.

Hasara haiishii hapo. Sukari inapomwagwa katika mto au bwawa, vijiumbe vya majini huila kwa pupa, na katika kuila hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Wataalamu hupima uchafuzi wa aina hii kwa kuuliza: lita moja ya taka itahitaji oksijeni kiasi gani ili vijiumbe viimalize kwa siku tano? Kwa maji ya jibini jibu ni kati ya gramu 30 na 50. Maji safi yenye joto la sentigredi 25 hubeba miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita. Mwanafunzi akigawanya atajionea mwenyewe: lita moja ya maji ya jibini yenye kuhitaji gramu 40 yaweza kumaliza oksijeni yote ya lita 5,000 za maji safi. Samaki na viumbe wengine wa majini wangekosa pumzi.

Hesabu nyingine ni hii. Uchafu wa majitaka atoao mtu mmoja kwa siku huhitaji gramu 60 hivi za oksijeni. Lita 180 za kikundi chetu zingehitaji gramu 7,200, yaani sawa na uchafu wa watu 120. Katika nchi yenye mito ya mwaka mzima jambo hili ni baya. Dodoma, ambako mito mingi hukauka kiangazi na ambako jiji hutegemea kwa sehemu kubwa visima virefu vya bonde la Makutupora, ni baya zaidi. Anayepanga kutengeneza jibini hapa hana budi kupanga tangu siku ya kwanza maji yake yataenda wapi.

Kwa nini kiumbe kimoja hakitoshi

Msomaji anaweza kusema: sukari ipo, hamira ya mikate inauzwa dukani, basi tuitie hamira humo iifanyie kazi. Akijaribu atashangaa, kwani karibu hakuna kitakachotokea. Laktosi ni sukari pacha, iliyoundwa na glukosi na galaktosi zilizoshikamana. Ili kuila, kiumbe kinahitaji mlango wa kuiingiza katika seli na kimeng'enya cha kuikata vipande viwili. Hamira ya mikate, ambayo jina lake la kisayansi ni Saccharomyces cerevisiae, haina mlango huo wala kimeng'enya hicho. Itakaa katika sukari kama mtu mwenye njaa aliyefungiwa nje ya ghala.

Zipo hamira nyingine zilizo na ufunguo. Mashuhuri kati yake ni Kluyveromyces marxianus, ambayo hupatikana mara nyingi katika maziwa yaliyochachuka. Nchini Ufaransa kampuni ya jibini ya Bel ilianza mwaka 1958 kukuza hamira za jamii hii katika maji ya jibini ili kupata chakula chenye protini. Nchini Ireland kiwanda cha Carbery, kilichoko jimbo la Cork, kilianza mwaka 1978 kugeuza maji ya jibini kuwa alkoholi.

Bakteria wa asidi ya maziwa nao wana ufunguo wa laktosi. Hao ndio wanaogandisha mtindi. Huikata sukari na kuigeuza kuwa asidi ya maziwa, kitu kinachotumika katika vyakula, dawa na hata plastiki zinazooza. Ila bakteria hawa wana adui ambaye ni kazi yao wenyewe. Kadiri asidi inavyozidi, ndivyo sehemu yake inavyopenya utando wa seli na kuzivuruga kutoka ndani. Mwishowe bakteria husimama kazi ilhali sukari bado ipo. Viwandani dawa ya tatizo hili ni kutia chokaa au magadi makali ili kuiua asidi. Njia hiyo hufaulu, lakini hugharimu fedha, na baadaye huleta mlima mwingine wa takataka za chumvi.

Kwa ufupi, hamira ya dukani haiwezi kuanza kazi, na bakteria hawawezi kuimaliza. Hapo ndipo inapotufaa methali yetu isemayo kidole kimoja hakivunji chawa.

Ujirani wenye manufaa

Hamira nyingi, zikipata hewa ya kutosha, huweza kula asidi ya maziwa. Kile kilicho sumu kwa bakteria ni chakula kwa hamira. Tukiviweka viumbe hivi viwili katika chombo kimoja, bakteria watakata sukari na kutoa asidi, na hamira itaiondoa asidi hiyo kabla haijawadhuru bakteria. Chokaa haitahitajika.

Hamira hulipa fadhila kwa njia nyingine pia. Bakteria wa asidi ya maziwa ni viumbe wachaguzi. Wamepoteza uwezo wa kujitengenezea baadhi ya asidi za amino, na hutaka kuzipata tayari. Mwaka 2017 watafiti wa maabara ya EMBL ya Heidelberg, Ujerumani, walionyesha kwamba hamira ya mikate inapopata naitrojeni kwa wingi humwaga nje ziada ya asidi za amino, na ziada hiyo huwawezesha bakteria hao kuishi mahali ambapo peke yao wasingeweza.

Mfano wa kwanza wa matumizi unahusu nisini. Hii ni protini ndogo itengenezwayo na bakteria Lactococcus lactis, nayo huua baadhi ya vijiumbe viharibuvyo chakula. Ndiyo maana hutumika kuhifadhi jibini na vyakula vya makopo. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kumkuza bakteria huyo pamoja na hamira Kluyveromyces marxianus. Hamira ilikula asidi, na watafiti waliongoza kasi ya ulaji huo kwa kuongeza au kupunguza hewa tu. Asidi haikulimbikizana, na nisini ikapatikana nyingi kuliko pale bakteria walipoachwa peke yao, au pale asidi ilipouawa kwa kemikali.

Mfano wa pili unatukaribisha zaidi kwenye ndoo yetu. Huko milima ya Kaukazi watu wamechachua maziwa kwa karne nyingi kwa kutumia punje laini zifananazo na vipande vya koliflawa. Kinywaji hicho huitwa kefiri. Ndani ya kila punje hamira na bakteria huishi pamoja, wameshikwa na utomvu uitwao kefirani, ambao hutengenezwa na bakteria Lactobacillus kefiranofaciens. Utomvu huu hufaa kuzitia uzito bidhaa za vyakula. Mwaka 2003 watafiti nchini Japani walionyesha kwamba bakteria huyo hutoa kefirani nyingi zaidi akikuzwa pamoja na hamira ya mikate. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Prince of Songkla, Thailand, walieleza jinsi walivyotumia laktosi ya maji ya jibini yenyewe, pamoja na hamira, kuzalisha kefirani kwa gharama ndogo.

Mwanafunzi azingatie jambo moja hapa. Hamira ya mikate ilichaguliwa kwa sababu ya udhaifu wake. Kwa kuwa haiwezi kula laktosi, haimnyang'anyi bakteria chakula. Hula masazo yake tu. Katika ujirani wa viumbe, swali la kwanza siku zote ni hili: nani anakula nini?

Kibuyu kama maabara

Elimu hii si ngeni Afrika Mashariki. Wamasai wana maziwa yao yaitwayo kule naoto, Wakalenjin wana mursik, na wafugaji wa ngamia wa kaskazini mwa Kenya na Somalia wana suusac. Vibuyu huandaliwa kwa moshi au mkaa wa miti iliyochaguliwa, na vijiumbe vinavyobaki katika kuta za kibuyu huchachua maziwa yatakayofuata. Mwaka 1994 watafiti wa Japani walichapisha uchunguzi wa bakteria wa asidi ya maziwa waliotoka katika maziwa ya Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2004 uchunguzi wa kule naoto ya Kenya ulimtaja Lactobacillus plantarum kuwa ndiye mwenye idadi kubwa. Mwaka 2005 uchunguzi wa suusac ulikuta bakteria wa asidi ya maziwa na hamira za aina mbalimbali wakiishi pamoja.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kila ujirani ni mwema kwa kuwa ni wa asili. Mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vya mursik ya magharibi mwa Kenya, eneo lenye wagonjwa wengi wa saratani ya umio. Walikuta alkoholi, na pia asetaldehidi, kitu kitokanacho na alkoholi na chenye kuhusishwa na saratani, kwa viwango vya kutia wasiwasi. Watafiti walisema kwamba huenda hiyo ikawa mojawapo ya sababu. Hawakusema kwamba jambo limethibitika. Alkoholi ni kazi ya hamira zinapokula sukari mahali pasipo na hewa. Kumbe hamira ileile inayosafisha asidi ikipata hewa huweza kuleta madhara ikikosa hewa, au ikiwa imechanganyika na wenzi wasiofaa.

Kuna onyo la pili. Asidi ndiyo mlinzi wa mtindi, kwa sababu vijiumbe vingi viletavyo maradhi havistawi ndani yake. Hamira ikila asidi hiyo juu ya mtindi ulioachwa wazi, mlinzi huondoka, na ukungu na uozo hufuata. Jambo ambalo ni faida katika pipa la kiwanda ni hasara katika kibuyu cha nyumbani. Kwa hiyo mama anayekijaza kibuyu chake hadi juu na kukifunga barabara anaizuia hewa, na hewa ikizuiwa hamira haiwezi kuila asidi.

Lipi lifanywe Miyuji?

Turudi kwa kikundi chetu cha kukisia na lita zake 180. Wazo la kwanza limjialo mtu ni kufuata mfano wa Ireland na kutengeneza spiriti. Tufanye hesabu. Kilo 8.5 za laktosi, zikichachuka zote bila hasara yoyote, hutoa lita zisizofika 6 za alkoholi. Lakini alkoholi hiyo imetawanyika katika maji mengi. Kuyapasha moto maji hayo yote kutoka sentigredi 20 hadi 95 huhitaji megajuli 56. Jiko la kuni linalotumia vema sehemu moja tu kati ya tano za joto lake lingeteketeza kilo 17 hivi za kuni kavu, hata kabla ya mvuke wa kwanza kukusanywa. Katika mkoa wenye upungufu wa miti, kuchoma kuni nyingi kiasi hicho kwa ajili ya lita 6 za spiriti si maendeleo. Kiwanda kikubwa chenye mitambo ya kurudisha joto chaweza kupata faida. Kikundi kidogo hakiwezi.

Kuzalisha hamira kwa ajili ya chakula cha mifugo kunaelekea kufaa zaidi. Katika hewa ya kutosha, kilo 8.5 za laktosi zaweza kutoa kilo 3 hadi 4 za hamira kavu, na karibu nusu yake ni protini. Hapa ujirani wa viumbe una faida maalumu. Maji ya jibini hayana usafi kamili. Bakteria wa asidi watakuwamo tutake tusitake. Tukiwa na hamira iwezayo kula laktosi na asidi pia, asidi inayotolewa na bakteria haipotei, bali hugeuka kuwa hamira, na maji yanayobaki huwa na uchafuzi mdogo zaidi. Kikwazo ni umeme wa kusukuma hewa, na uangalizi wa mtu mwenye ujuzi.

Na kama umeme haupo, ipo njia iliyo rahisi kuliko zote: maji ya jibini yanyweshwe nguruwe au ndama siku hiyohiyo, yakiwa mabichi na kwa kiasi, wakati wa kiangazi ambapo maji na chakula chenye nguvu ni haba. Haifai kuidharau njia hii kwa sababu haina mitambo. Sayansi ya kweli hupima gharama na faida zote, kisha huchagua.

Jaribio la darasani

Shule yoyote yenye maabara ya kawaida yaweza kuuchunguza ujirani huu. Chemsha lita 2 za maziwa, epua, kisha tia maji ya ndimu kidogo kidogo hadi yakatike. Chuja kwa kitambaa safi. Yachemshe tena maji yaliyochujwa, uyaache yapoe.

Sehemu ya kwanza: Chukua chupa tatu zenye kiasi sawa cha maji hayo. Katika chupa ya 3 tia kijiko cha yogati isiyo na sukari, na uiweke mahali pa joto kwa siku moja. Kesho yake tia hamira ya mikate kwa kipimo kimoja katika chupa zote tatu, na katika chupa ya 2 ongeza kijiko cha sukari ya mezani. Vika kila mdomo puto. Usifunge kwa kifuniko kigumu, kwani gesi yaweza kupasua chupa. Puto la chupa ya 2 litavimba upesi, na hilo ni ushahidi kwamba hamira ni hai. La chupa ya 1 litavimba kidogo sana au halitavimba. Chunguza la chupa ya 3: bakteria wengi wa yogati hutumia glukosi na kuitupa nje galaktosi, ambayo hamira huweza kuila. Je, jirani amemfungulia mwenzake ghala?

Sehemu ya pili: Tia maji ya jibini katika vyombo viwili vyenye mdomo mpana. Cha kwanza kipate mtindi peke yake. Cha pili kipate mtindi na hamira. Vifunike kwa kitambaa na uvitikise mara kwa mara ili hewa iingie. Kila siku, kwa siku nne, chukua mililita 10 kutoka kila chombo na upime asidi kwa sodiamu hidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita, ukitumia kiashiria cha fenolfthalini. Kila mililita 1 ya hidroksaidi ni sawa na gramu 0.009 za asidi ya maziwa. Kumbuka kupima pia siku ya kwanza kabla ya kutia chochote, ili uitoe asidi ya ndimu katika hesabu. Chora grafu. Kama mistari miwili itaachana, eleza kwa nini. Kama haitaachana, jiulize kama hewa ilitosha, au kama sukari iliyobaki iliifanya hamira isiiguse asidi. Vyote vilivyotumika vichemshwe kabla ya kumwagwa, na asionje mtu yeyote.

Mwalimu ataona kwamba jaribio hili linaunganisha kemia, biolojia na hesabu za maisha ya wafugaji wanaotuzunguka. Mwanafunzi wa Dodoma atakayejua kwa vipimo, na si kwa kubahatisha, ni hamira ipi ikae na bakteria yupi, katika hewa kiasi gani, ataweza siku moja kuwashauri wafugaji wa kwao kabla ndoo ya kwanza haijamwagwa.